Kupumzisha Maji Meusi

Jumanne, tarehe kumi na nne Oktoba. Tangu alfajiri kulikuwa na manyunyu mepesi, yale yasiyomlowesha mtu upesi ila yanamtia uvivu, na baridi ilikuwa imelala chini karibu na ardhi. Naanza na hali ya hewa kwa sababu mwalimu wetu wa masomo ya jioni hutuambia kwamba mtu anayefanya kazi ya kemia bila kuandika joto la siku ni sawa na mpishi asiyejua kama jiko lake limewaka.

Niliswali alfajiri nikamwomba Mwenyezi Mungu kitu kimoja tu. Siku nyingine huwa naomba vingi. Nawataja watoto mmoja mmoja, na mgongo wa mume wangu, na mtihani wa hesabu. Siku hiyo niliomba keki.

Si keki ya kula. Kiwanda chetu kinapika makapi ya miwa kwa soda kali ili kupata rojo la kutengenezea karatasi. Rojo likishatolewa yanabaki maji meusi, mazito, yanayonuka kama mboga iliyoungua. Kwa miaka mingi maji hayo yalikuwa yakichanganywa na maji mengine na kuachwa yaende mabwawani, na mimi kwa miaka kumi na moja nilikuwa mtu wa mabwawa. Nilishika reki yenye mpini mrefu kuniliko, nikikokota povu na utando kutoka asubuhi hadi jioni. Ndiyo maana kiwandani wananiita Mama Tope, na mimi huitika.

Sasa, ndani ya maji yale meusi mna kitu kinaitwa ligini. Ni gundi ambayo Mungu ameiumba ili muwa usimame wima na mti usianguke. Vijidudu wa bwawani wanaokula uchafu hawaiwezi. Kuwapa ligini ni sawa na kumpa mtoto mchanga mfupa. Lakini ukiyapasha moto maji yale, ukayadondoshea asidi polepole, ligini inajitenga na kuwa punje. Unazikamua kwenye mashine yenye mabamba ya chuma yaliyovishwa vitambaa, na kwenye kila bamba inabaki keki ya rangi ya kahawia. Ikikaushwa na kusagwa, karakana ya mbao za kubandika, yaani plaiwudi, inaichanganya kwenye gundi yake. Maji yaliyobaki yanakuwa na rangi ya chai ya rangi, na hayo vijidudu wanayaweza bila taabu.

Mtambo huo ulikuwa na miezi mitatu ya majaribio. Jumanne hiyo Mhandisi alikuwa anakuja kutoka makao makuu kuniangalia nikiuendesha peke yangu. Keki ikitoka kavu, ningeandikwa mwendeshaji. Isipotoka, ningerudi kwenye reki. Nina miaka hamsini na miwili, niliacha shule darasa la tano, na nilianza masomo ya jioni nikiwa na arubaini na tisa, nikikaa dawati moja na mtu aliyesoma na mtoto wangu wa mwisho. Nilikuwa nimekwisha kuota jina langu kwenye karatasi ya mwendeshaji, limepigwa mhuri.

"Mwanafunzi," mume wangu aliniita kutoka kwenye cherehani yake, "chai umekunywa?"

"Nimekunywa."

"Basi hicho kikombe kimejijaza chenyewe. Alhamdulillahi, tumepata kisima ndani ya nyumba."

Mume wangu ni fundi cherehani. Hushona sare za shule, na tangu mtambo uanze, hushona pia vile vitambaa vya kuchujia. Hiyo ndiyo kazi anayojivunia kuliko zote. Kila mshono huupiga mara mbili, kisha huushika mbele ya taa na kuukagua kama daktari anayeangalia koo la mtoto. Jioni mimi huwa na daftari langu upande mmoja wa meza, yeye na vitambaa vyake upande wa pili, na mguu wake ukichoka kukanyaga, huniuliza maswali ya kemia kwa sauti ya mwalimu mkali. Majibu yenyewe hayajui, lakini akiona nimesita hutikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Viwili vya akiba namalizia sasa hivi," alisema. "Nitakuletea saa nne. Nenda. Na usimtazame huyo Mhandisi usoni, mtazame kofia."

"Kwa nini kofia?"

"Kofia haiulizi maswali."

Nilimkuta Mhandisi amekwisha kufika. Ni kijana wa umri wa mwanangu wa pili, mpole, mwenye kofia ngumu nyeupe isiyo na hata doa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kwenye matope yetu."

Alicheka. Kando yake alikuwa Kipimo, mtu wa maabara, aliyefanya majaribio na mimi kwa miezi yote mitatu. Ni rafiki wa mume wangu tangu ujana, kwa hiyo mimi kwake ni shemeji, na ushemeji wenyewe anautumia vizuri. Siku hiyo alikuwa amekatazwa kunisaidia. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na daftari lake mapajani.

"Shemeji," alisema, "leo mimi ni jiwe. Hata ukizama sikuvuti."

"Jiwe gani linaongea?"

Akafunga mdomo kwa vidole viwili.

Nilipasha maji meusi hadi kipimajoto kikasoma sitini na tano. Kwa baridi ile ilichukua muda mrefu kuliko kawaida, na nilihisi jasho likinitoka mahali ambapo hapakuwa na joto. Kisha nikafungua koki ya asidi. Hapo ndipo pa kuogopa. Ukiifungua kwa pupa, povu linapanda na kumwagika, na kazi yote inakuwa sakafuni. Nilidondosha, povu likanyanyuka, nikafunga, likashuka, nikadondosha tena. Kila mara nilichovya kikaratasi cha kupimia na kutazama rangi. Ilipofika rangi niliyoitaka, nikafunga koki kabisa na kuzima panga la kukorogea.

"Saa tatu na nusu, asidi imefungwa," Kipimo alisema kwa sauti huku akiandika. Ilikuwa ruhusa aliyopewa, kuandika tu.

"Safi sana, mama," Mhandisi alisema. Kisha akamwomba Kipimo ampeleke kuona bwawa la hewa, lile linalopuliziwa hewa ili vijidudu wapumue, wakati maji yakipumzika.

Kupumzika kwenyewe ndiko kwenye siri. Punje za ligini zikitoka tu kwenye maji huwa changa, laini kama kamasi. Ukizikimbiza kwenye mashine zinaziba vitambaa. Zikiachwa zitulie katika joto lake, zinakutana, zinashikana, zinanenepa. Mimi na Kipimo tuligundua hivyo baada ya kuharibu matangi manne. Yeye aliandika kwenye daftari lake dakika arubaini na tano. Mimi kwenye langu niliandika mizunguko mitano.

Ni mizunguko ya tasbihi. Mvuke na asidi za pale zimeua saa zangu mbili za mkononi na moja ya ukutani, nikaacha kununua. Tasbihi yangu ina punje tisini na tisa, na kwa mwendo wangu, nikimwomba Mola msamaha kwa kila punje na kuvuta pumzi katikati, mzunguko mmoja ni dakika tisa. Tulihakikisha kwa simu ya Kipimo, si mara moja wala mara mbili. Toka hapo sikuhitaji saa. Nilisimama kando ya tangi, nikasoma uradi wangu, nikamaliza mitano, nikawasha pampu. Na keki zilitoka vizuri mwezi mzima.

Siku hiyo pia nilimaliza mitano. Nikawasha pampu.

Sauti ya mashine ndiyo iliyoniambia kwanza. Kwa kawaida huguna kama ng'ombe aliyeshiba. Safari hii ilianza kulia kwa sauti nyembamba, na kwenye bomba la maji yaliyochujwa hapakutoka kitu, si tone. Kisha kati ya bamba na bamba kukaanza kutema utelezi mweusi. Nilizima. Mhandisi na Kipimo walirudi mbio kutoka bwawani. Tulifungua bamba la kwanza, na badala ya keki, kamasi zikaporomoka juu ya viatu vyangu. Bamba la pili, vilevile. Wakati tunafungua la tatu kengele ya chai ikalia, na wanaume wawili wanaoangalia pampu za mabwawani wakaja na vikombe vyao kutazama.

Mhandisi alivua kitambaa kimoja, akakisuuza kidogo, akakinyanyua kwenye mwanga.

"Hivi vinatoka wapi?"

"Vinashonwa hapa hapa mjini," mmoja wa watu wa pampu alisema. "Na mume wa Mama Tope."

Na huyo mume wa Mama Tope alikuwa ndiyo anaingia mlangoni, manyunyu yamemlowesha mabega, na vitambaa viwili vya akiba chini ya kwapa.

"Karibu, mzee," Mhandisi alisema, na uso ukamshuka kidogo kwa haya. "Tatizo ni vitambaa. Mshono ni mzuri, sisemi vibaya, lakini vya mtambo kama huu inabidi viagizwe. Nitaandika hivyo kwenye ripoti. Mama, kosa si lako. Kazi yako nimeiona, haina dosari. Wewe nitakuandika mwendeshaji, na vitambaa vipya vikifika utaendelea."

Watu wa pampu wakanipigia makofi. Nilitazama kofia, kama nilivyoambiwa. Mume wangu aliviangalia vile vitambaa kwenye sakafu jinsi mtu anavyomwangalia mtoto wake aliyepigwa na wenzake.

Tulikwenda kukaa nyuma ya stoo, penye benchi. Alinimiminia chai kutoka kwenye chupa.

"Hongera, mwendeshaji," alisema. Na alimaanisha. Ndivyo alivyo.

"Vitambaa vyako havina kosa."

"Labda vina. Uzi huu wa mwisho sikuupenda."

"Uzi ni ule ule."

"Basi labda ni cherehani. Kunywa chai. Mimi nilidhani nimewahi, bwana. Nimefika getini na kengele ndiyo inalia, nikasema afadhali, nitakuta hata pampu hawajawasha."

Nikashusha kikombe.

Wiki iliyopita mwalimu alitufundisha hesabu za muda na mwendo. Gari linatoka mahali fulani saa fulani, linafika mahali pengine saa ngapi. Nilizichukia. Lakini pale kwenye benchi hesabu ilijipanga yenyewe. Asidi ilifungwa saa tatu na nusu. Kengele ya chai hulia saa nne kamili. Mizunguko mitano ni dakika arubaini na tano, kwa hiyo pampu ilitakiwa kuwaka saa nne na robo. Nayo kengele ilipolia, mimi nilikuwa nimekwisha kuwasha, nimezima, na kamasi ziko viatuni. Maji hayakupumzika hata dakika ishirini.

Nilikuwa nimesoma yote. Sikuruka hata punje moja, naapa. Ila nilisoma kwa hofu, na uradi wa mtu mwenye hofu hukimbia. Nilikumbuka vidole vyangu vilivyokuwa vikiteleza, na ulimi ukitamka jina la Mungu huku macho yakichungulia mlangoni kama kofia nyeupe inarudi.

Nilimweleza mume wangu. Alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Na Mungu."

"Na Mungu."

"Basi watatu, na mmoja wetu hasemi na Mhandisi." Aliona sikucheka, akaupeleka mkono wake wenye vidole vya sindano juu ya wangu. "Sikiliza, mama watoto. Acha waseme kitambaa. Kitambaa hakina uso wa kuona haya. Mimi sare za shule zinanitosha. Wewe umekesha na vitabu miaka mitatu. Ukienda kusema, unarudi kwenye reki."

Wallahi nilitamani kukubali. Namshukuru Mungu kwa mume anayeweza kusema maneno kama hayo na kikombe mkononi, kana kwamba ananipa sukari. Lakini nilimtazama mabega, shati limemganda kwa manyunyu, na vile vitambaa viwili bado viko kwapani, hakuviweka chini kwa kuwa benchi lilikuwa na vumbi. Nikajua kwamba kila ambapo ningesaini karatasi ya mwendeshaji, ningekuwa nasaini juu ya mgongo wake.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nilisema.

"Methali nazo zina wakati wake," alijibu, lakini alikuwa amekwisha kusimama ili tuende.

Mhandisi alikuwa anaandika, ameegemea tangi. Kipimo alikuwa kwenye ndoo yake.

"Baba," nilisema, "usiandike vitambaa. Kosa ni langu. Sikuyapumzisha maji."

Nikamweleza kuhusu mizunguko, punje, hofu, na kengele. Mmoja wa watu wa pampu alianza kucheka, mwenzake akamkanyaga mguu. Kipimo alifungua daftari lake, akaangalia saa aliyoandika, kisha akajipiga paji la uso.

"Haraka haraka haina baraka," alisema. "Lakini shemeji wewe umeifanya haraka ndani ya baraka yenyewe! Hiyo sijawahi kuisikia."

Hata mimi nilicheka, na machozi yakanitoka humo humo.

Mhandisi hakucheka. "Mama, ulikuwa umepita. Kwa nini unaniambia?"

"Kwa sababu utaagiza vitambaa kutoka mbali, vitakuja, na siku nitakayoogopa tena navyo vitaziba. Utakuwa umetibu mguu mzima, ule mbovu umeuacha."

"Una uhakika gani kwamba si vitambaa?"

Hapo Kipimo alinyanyuka kutoka kwenye ndoo. "Mhandisi, mimi leo ni jiwe, lakini jiwe linaomba ruhusa. Kwenye tangi yamebaki zaidi ya nusu ya maji. Hayajaguswa tangu asubuhi. Sisi tumebishana, tumekunywa chai, yenyewe yamelala tu. Sasa ni saa tano kasoro dakika kumi."

Dakika themanini. Tulikwenda wote kuchungulia. Nikachota kidogo kwa kopo la kioo, nikaliinua. Punje zilikuwa zinashuka chini moja moja, nzito, na juu yake maji yamekwisha kuanza kuwa na rangi ya chai.

"Weka vile vipya viwili," Mhandisi alisema.

"Hapana, baba. Vile vile vya asubuhi. Tukibadilisha muda na vitambaa kwa pamoja hatutajua kilichoponya ni kipi. Ndivyo tunavyofundishwa."

Alinitazama, kisha akavua kofia yake na kuiweka juu ya bomba. Mume wangu akakunja mikono ya shati, akaviosha vitambaa vyake kwa maji ya moto, kimoja kimoja, akivipangusa kwa kiganja. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilivivisha kwenye mabamba, nikakaza, nikawasha pampu.

Mashine ikaguna kwa sauti nene. Bombani kukatoka tone, kisha matone, kisha mkondo mwembamba wa maji yenye rangi ya chai. Nilipofungua bamba la kwanza, keki ilijibandua yenyewe ikaanguka kwenye trei kwa kishindo kidogo, kavu, imepasuka katikati kama ardhi ya kiangazi. Mume wangu aliivunja kipande akakinusa.

"Sasa hii," alisema, "ndiyo uliyokuwa unaiomba alfajiri na kuniamsha?"

Mhandisi alikata mstari juu ya yale aliyoandika kuhusu vitambaa. Aliandika tena, polepole, kisha akatusomea: vitambaa vinafaa na vitaendelea kushonwa na fundi yuleyule. Kuhusu mwendeshaji, alisema hawezi kuandika kwamba jaribio la kwanza lilifaulu, kwa sababu halikufaulu. Atanipa mwezi mmoja zaidi chini ya Kipimo, kisha atarudi kuniangalia tena.

"Unaonaje, mama?"

"Ni haki," nilisema. Iliuma, sitadanganya. Lakini reki ilibaki imeegemea ukuta wa bwawa na hakuna aliyenirudisha kwake.

"Ila kuna jambo nataka kulisikia kutoka kinywani mwako," alisema, "na hawa wote wasikie. Kuanzia sasa muda utaupima vipi?"

Walikuwa wamesimama wote: Mhandisi bila kofia, Kipimo na kalamu yake, watu wawili wa pampu na vikombe vitupu, na mume wangu akiwa na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nilitoa tasbihi mfukoni nikaishika ili waione.

"Nilimtumia Mungu kama saa ya ukutani," nilisema. "Naahidi mbele yenu, na mbele ya mume wangu niliyekaribia kumtwisha kosa langu: muda wa maji meusi nitaupima kwa saa, nitauandika, na pampu sitaigusa kabla dakika arubaini na tano hazijatimia, hata aje nani kunitazama. Na uradi wangu nitausoma kwa ajili Yake peke yake, taratibu, hata kama mzunguko mmoja utanichukua siku nzima."